Filamu za Mbwa Zikitazamwa Tena Ukubwani

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Zanzibar ilishaanza kurusha matangazo yake takribani miaka 20 nyuma, lakini mtoto wa Kirumba, Igogo au Mabatini jijini Mwanza aliyezaliwa miaka ya 1980 alizijua picha kwa njia nyingine: kwenye jumba la sinema kama mzazi alikuwa na uwezo, kwenye deki ya jirani kama jirani alikuwa na moyo, na kwenye kibanda umiza kama mwenyewe alikuwa na sarafu mfukoni.

Aliyewahi kuingia kibandani hakisahau. Nje palisimama ubao wenye majina ya picha za siku hiyo, yameandikwa kwa chaki. Ndani mlikuwa na giza la mchana lililotengenezwa kwa magunia na mapazia mazito, mabenchi yasiyo na egemeo, joto la mabati, na runinga moja iliyopandishwa karibu na dari ili hata wa nyuma aone. Picha zilikuwa za kung fu, za vita na za Kihindi. Kila picha ilikuwa na steringi wake, na kila mtoto alijua kwamba steringi hafi. Penye mtafsiri, sauti ya mkanda ilipunguzwa naye akashika kipaza sauti, akaisimulia hadithi yote kwa Kiswahili huku akiongeza ya kwake. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, ambaye jina lake halisi ni Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana sana kwa kazi hiyo. Ng'ambo ya ziwa, Kampala ilikuwa na watafsiri wake wa Kiganda, na VJ Jingo ni miongoni mwa waliovuma.

Filamu za mbwa ziliingia katika ulimwengu huo kwa mlango wa pembeni. Zilikuja kwenye mkanda wa kukodi, kisha kwenye televisheni za mwishoni mwa wiki, kisha kwenye zile DVD zilizobeba filamu nyingi ndani ya diski moja. Kwa mtoto zilikuwa na jambo moja la ajabu: steringi alikuwa na miguu minne. Alimwokoa mtoto majini, alivuka milima kurudi nyumbani, aliwang'ata wabaya. Na mara nyingine, kinyume cha kanuni yote ya kibandani, alikufa.

Watoto wale sasa ni wazazi, na filamu zao wanaweza kuzitafuta kwenye simu, wakazitazama na watoto wao. Anayefanya hivyo hugundua kwamba filamu ni ile ile lakini macho yake yamehama. Zamani alimtazama mbwa tu. Sasa anawaona watu waliomzunguka mbwa: anayemlisha, anayemuuza, anayelipa gharama, anayeamua aishi au afe. Hadithi aliyoikumbuka kuwa ya uaminifu wa mbwa kwa binadamu inageuka kuwa hadithi ya kile ambacho binadamu anadaiwa na mbwa wake. Kwa wakazi wa ukanda wa Ziwa Victoria, deni hilo lina sura halisi kabisa.

Baba asiye na kazi

Sinema ilimgundua mbwa mapema. Mwaka 1905 Mwingereza Cecil Hepworth alitengeneza Rescued by Rover, filamu ya dakika chache kuhusu mbwa anayemtafuta mtoto mchanga aliyeibwa. Ilinunuliwa kwa wingi hata mkanda mama ukachakaa kwa kunakiliwa, na Hepworth akalazimika kuipiga filamu nzima upya, si mara moja bali mara mbili. Mbwa aliyeigiza, Blair, alikuwa wa familia yake mwenyewe. Baadaye alikuja Rin Tin Tin, mbwa wa Kijerumani aliyeokotwa Ufaransa mwaka 1918 na askari wa Marekani, Lee Duncan, akawa nyota mkubwa wa Hollywood hadi alipokufa mwaka 1932.

Filamu iliyoweka msingi wa nyingine zote za aina hii ni Lassie Come Home ya mwaka 1943. Ilitokana na riwaya ya Eric Knight, aliyefariki dunia katika ajali ya ndege mwezi Januari mwaka huo huo kabla filamu haijaonyeshwa. Mtoto huikumbuka kwa safari: Lassie anauzwa, anapelekwa Uskoti, anatoroka, anatembea mamia ya kilomita kurudi kwa kijana Joe huko Yorkshire, Uingereza. Mvua inamnyeshea, miguu inamtoka damu, lakini harudi nyuma.

Mtu mzima akiitazama tena anakutana na kitu ambacho mtoto alikipita. Lassie anauzwa kwa sababu baba yake Joe hana kazi. Hakuna ukatili pale nyumbani, kuna ukata. Baba anajua thamani ya mbwa yule, anajua mwanawe anampenda, na anajua pia kwamba nyumbani hakuna fedha. Anampeleka kwa mtawala tajiri wa eneo lile, na uso wake wakati wa kumweleza Joe ndio mgumu kuutazama kuliko dhoruba zote za Uskoti. Kila Lassie anapotoroka kwenda kumsubiri Joe nje ya shule, ni baba huyo huyo anayelazimika kumrudisha, kwa kuwa fedha zimeshaliwa na neno limeshatolewa.

Kwa familia nyingi za Mwanza hali hiyo si ngeni. Miaka ya 1990 viwanda vya umma vilipoyumba, kikiwemo kiwanda cha nguo cha Mwatex, wapo watoto walioona vitu vya nyumbani vikiondoka kimoja kimoja: baiskeli, redio, mbuzi, cherehani. Baba hakueleza mengi. Mtoto wa wakati ule aliyemchukia baba yake Joe kwa kumuuza Lassie, leo akiwa na ada za shule za kulipa, humwelewa bila kufafanuliwa. Filamu yenyewe inamtendea haki mzee huyo. Mwishoni tajiri anamwona mbwa aliyechakaa kwa safari, anakana kwamba ni wake ili abaki na Joe, kisha anampa baba kazi ya kutunza mbwa. Mtoto husherehekea kurudi kwa Lassie. Mtu mzima husherehekea pia ile kazi.

Baba anayelipa

Nusu karne baadaye, mwaka 1992, ikaja Beethoven, iliyoongozwa na Brian Levant. Mbwa mkubwa wa aina ya Saint Bernard anaingia nyumbani kwa familia ya Newton, anaoga matope, anajikung'uta juu ya kitanda, anabomoa na kudondosha mate kila mahali. Kwa mtoto wa Kitanzania filamu hii ilikuwa na maajabu ya ziada. Katika nyumba nyingi za Mwanza mbwa ni mlinzi wa uani. Hulala nje, hula ugali na mabaki ya mboga, na haruki kizingiti cha mlango. Kwa familia za Kiislamu kuna pia suala la najisi ya mate yake. Mbwa anayelala kitandani na kuwa na daktari wake mwenyewe alionekana kama kiumbe wa sayari nyingine.

Adui wa filamu, utotoni, alikuwa baba. George Newton, aliyeigizwa na Charles Grodin, hamtaki mbwa, anahesabu gharama, anapiga kelele. Ukitazama ukubwani unaona kwamba mtu huyo ana biashara ndogo ya manukato ya kuondolea harufu, anatafuta mtaji wa kuikuza, na wawekezaji wanaokuja kula nyumbani kwake wanataka kumnyang'anya kampuni kwa mkataba wa hila. Ni Beethoven anayewavuruga, kwa kuzungusha kamba yake kwenye samani walizokalia na kuwaburuta nazo. Watoto wanacheka. Mjasiriamali yeyote wa Mwanza aliyewahi kuwekewa mkataba mezani na mtu mwenye haraka atacheka kwa sababu nyingine.

Ndani ya filamu hiyo ya kuchekesha mna jambo zito ambalo watoto wengi hawakulishika. Daktari wa mifugo, Varnick, anahitaji mbwa wakubwa ili kufanyia majaribio ya risasi mpya. Anajipaka damu bandia, anadanganya kwamba Beethoven amemshambulia, na kumwambia George kwamba mbwa lazima auawe. George anakubali, kwa sababu anaogopa watoto wake watang'atwa. Hapo ndipo anapokumbuka kwamba baba yake mwenyewe aliwahi kumpeleka mbwa wa utoto wake kuuawa, na kwamba yeye hakuwahi kumsamehe. Mtu aliyekuwa akichekwa filamu nzima anageuka kuwa mtoto aliyekua na kidonda. Waandishi, akiwemo John Hughes aliyetumia jina la bandia la Edmond Dantès, waliiweka sehemu hiyo kwa ajili ya wazazi waliokaa ukumbini, na imewasubiri watazamaji wadogo hadi nao wakawa wazazi.

Kisasi cha Moti

Wapenzi wa picha za Kihindi wana mbwa wao. Teri Meherbaniyan ilitoka mwaka 1985, miaka miwili baada ya Jackie Shroff kupata umaarufu kwa filamu ya Hero. Humo anaigiza Ram, kijana anayemlea mbwa aitwaye Moti. Poonam Dhillon ni mpenzi wake, Bijli, na Amrish Puri ni mwenye ardhi anayekitawala kijiji kwa mabavu. Ram anauawa. Moti, ambaye anawajua wauaji, anawaandama mmoja baada ya mwingine.

Muziki wa Laxmikant na Pyarelal, machozi ya mbwa kwenye maziko na urefu wa kisasi chenyewe vinatosha kumfanya mtoto asisahau. Brownie, mbwa aliyeigiza Moti, alipewa nafasi ambayo kwa kawaida hupewa steringi wa kibinadamu: ana kumbukumbu, ana huzuni, ana mpango.

Mzazi anayefikiria kuionyesha kwa watoto wake afadhali aitazame kwanza peke yake. Mateso ya Bijli mikononi mwa mwenye ardhi, ambayo mtoto wa zamani aliyaona bila kuyaelewa, si mambo ya kutazama na mtoto wa darasa la pili. Lakini mtu mzima anaona pia jambo la maana katika muundo wa hadithi. Kijiji kizima kinamwogopa tajiri mmoja, na waliopaswa kumzuia ama ni washirika wake ama wamefunga midomo. Haki imewashinda watu mpaka ikabaki kwa mbwa. Ndiyo maana kisasi cha Moti kilishangiliwa: watazamaji walikuwa wanamshangilia mtu pekee kijijini ambaye hakuweza kuhongwa, na mtu huyo hakuwa mtu.

Nyuma ya kamera

Jambo jingine linaloonekana ukubwani ni kazi. Lassie ni jike katika hadithi, lakini mbwa aliyeigiza, Pal, alikuwa dume, akifundishwa na Rudd Weatherwax. Dume lilifaa zaidi kwa sababu jike la aina hiyo hupukutisha manyoya mengi zaidi wakati wa joto. Vizazi vya Pal viliendelea kuigiza Lassie kwenye televisheni ya Marekani kuanzia 1954 hadi 1973. Mbwa anapomtazama mwigizaji kwa huruma, mara nyingi anamtazama mwalimu aliyesimama pembeni akiwa na kipande cha nyama au mpira. Upendo anaouona mtazamaji ni wa kweli, ila unaelekezwa kwa mtu asiyeonekana kwenye picha.

Njia hiyo hiyo ya kufundisha ipo hapa nyumbani. Jeshi la Polisi Tanzania lina Kikosi cha Mbwa na Farasi. Mashariki mwa ziwa, katika mapori ya akiba yanayopakana na Hifadhi ya Serengeti, Grumeti Fund ina kitengo cha mbwa wanaonusa pembe za ndovu, magamba ya kakakuona, nyamapori na silaha. Mbwa wa kazi hizo hajui sheria ya wanyamapori. Anajua kwamba akiipata harufu fulani, mwenzake atampa mpira na kucheza naye. Askari anayemwongoza hukaa naye kila siku, humlisha, humpiga brashi manyoya, humkagua kupe. Hayo hayamo kwenye filamu yoyote ya watoto, lakini bila hayo hakuna ushujaa.

Filamu pia zina athari baada ya taa kuwashwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la PLoS ONE ulilinganisha filamu za mbwa na kumbukumbu za usajili wa mbwa nchini Marekani, ukakuta kwamba filamu iliyovuma inaweza kuinua umaarufu wa aina ya mbwa aliyeonyeshwa kwa hadi miaka 10. Watu walimnunua mbwa waliyemwona kwenye picha, na si wote waliokuwa tayari kumtunza.

Kijana, bunduki na kichaa cha mbwa

Filamu ambayo mtu mzima wa Kanda ya Ziwa ana sababu kubwa zaidi ya kuitafuta ni Old Yeller, iliyotolewa na Walt Disney mwaka 1957 chini ya uongozi wa Robert Stevenson. Inatokana na riwaya ya Fred Gipson iliyochapishwa mwaka mmoja kabla. Maisha yaliyomo yatatambulika upesi na mtu yeyote wa Magu au Misungwi: familia ya wafugaji wadogo mbali na mji, baba amesafiri kwenda kuuza ng'ombe, mtoto wa kwanza, Travis, ameachiwa boma. Mbwa wa rangi ya njano anatokea asikojulikana, anaiba nyama, Travis anamfukuza. Mdogo wake, Arliss, anampenda tangu siku ya kwanza. Mbwa anamwokoa Arliss kwa dubu, kisha anamwokoa Travis mwenyewe kwa nguruwe mwitu.

Mbwa mwenyewe, Spike, alikuwa ameokotwa kwenye kituo cha mbwa waliotelekezwa. Mwalimu wake alikuwa Frank Weatherwax, ndugu wa yule aliyemfundisha Lassie.

Kisha ugonjwa unaingia. Ng'ombe wa nyumbani anaanza kuyumba, na inabidi auawe. Usiku mama anapouchoma mzoga, mbwa mwitu mwenye kichaa anavamia, na Old Yeller anapigana naye hadi Travis anapata nafasi ya kufyatua bunduki. Familia imeokoka, lakini mbwa ameng'atwa. Mama, ambaye mtoto humwona katili, anasema mbwa auawe papo hapo. Travis anaomba afungiwe kwenye zizi asubiriwe. Siku zinapita na anaonekana mzima. Halafu jioni moja Travis anampelekea chakula, naye anamkenulia meno na kunguruma kwa sauti isiyo yake. Arliss, asiyeelewa, anataka kulifungua zizi. Travis anaichukua bunduki.

Mtoto hulia kwa kuwa mbwa amekufa. Mtu mzima huona kwamba mama alikuwa sahihi tangu mwanzo. Virusi vya kichaa cha mbwa husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kutoka kwenye jeraha hadi kwenye ubongo. Mara nyingi huchukua wiki kadhaa hadi miezi miwili au mitatu kabla dalili hazijaonekana, na mnyama au binadamu akishaonyesha dalili, kupona karibu hakuwezekani. Filamu iliyaonyesha hayo kwa usahihi mkubwa: kule kusubiri, kule kuonekana mzima, na kubadilika kwa sauti na tabia.

Travis hakuwa na njia nyingine. Hadithi yake imewekwa Texas miaka ya 1860, na Louis Pasteur hakumpa binadamu wa kwanza chanjo ya ugonjwa huo hadi Julai 1885, huko Paris. Leo mbwa kama Old Yeller huokolewa na sindano moja aliyochomwa kabla ya kung'atwa.

Musoma na Serengeti

Kichaa cha mbwa bado kinaua. Makadirio ya kimataifa ni takribani watu 59,000 kwa mwaka duniani, karibu wote Afrika na Asia, na karibu wote kutokana na mbwa. Kwa Tanzania, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalifikia vifo vipatavyo 1,500 kwa mwaka. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na ugonjwa ni watoto chini ya miaka 15. Ni wale wale wanaopenda mbwa, wanaocheza nao, na ambao mara nyingine huficha jeraha wakiogopa kugombezwa.

Sehemu kubwa ya yale ambayo dunia inayajua kuhusu kuuzuia ugonjwa huu vijijini Afrika ilipatikana hapa Kanda ya Ziwa. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa, distempa, uliwaingia simba wa Serengeti na kuua karibu theluthi moja yao. Macho yakageukia mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Kuanzia 1996 mbwa wa Wilaya ya Serengeti mkoani Mara wakaanza kuchanjwa kijiji kwa kijiji, dhidi ya kichaa pia, na hali ikalinganishwa na Wilaya ya Musoma, kando ya ziwa, ambako hapakuwa na kampeni kama hiyo. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2003 na Sarah Cleaveland na wenzake, yalikuwa wazi: Serengeti, kichaa cha mbwa kilipungua kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza na asilimia 97 baada ya ya pili. Watu wanaong'atwa na mbwa wanaoshukiwa wakapungua pia. Musoma haikupata nafuu hiyo.

Utafiti huo ulivunja dhana kadhaa. Ilidhaniwa vijijini kumejaa mbwa wasio na mwenyewe. Ukweli ni kwamba karibu kila mbwa anayeonekana akizurura ana nyumba anayorudi jioni, na ana mtu anayemwita kwa jina. Ilidhaniwa pia kwamba dawa ni kuwaua mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema kuua mbwa hakukomeshi kichaa. Kinachokomesha ni kuchanja walau asilimia 70 ya mbwa wa eneo na kurudia.

Siku ya chanjo kijijini inastahili filamu yake. Meza imewekwa chini ya mti karibu na shule au ofisi ya kijiji. Juu yake kuna boksi la barafu, sindano, daftari na rundo la kadi. Foleni imejaa watoto, kwa kuwa wanaowaleta mbwa mara nyingi ni wao. Mmoja amemfunga mbwa wake kwa kamba ya katani, mwingine kwa kipande cha khanga kuukuu, wa tatu amembeba begani kwa sababu mbwa huyo hajawahi kufungwa tangu azaliwe na hataki kuanza leo. Mbwa wasiojuana wananguruma. Afisa mifugo anaomba kila mtoto amshike wake kichwa vizuri, na mtoto anamwinamia mbwa sikioni akimtuliza. Sindano inachukua sekunde chache. Mbwa anafungwa utepe shingoni ili ajulikane kuwa ameshachanjwa, jina lake linaandikwa daftarini pamoja na la mwenyewe, na mtoto anaondoka na kadi.

Tatizo moja lilikuwa baridi. Chanjo ilitakiwa kukaa kwenye friji, na vijiji vingi havikuwa na friji wala umeme. Watafiti wanaofanya kazi Tanzania, akiwemo Ahmed Lugelo, walishughulikia hilo kwa njia mbili. Ilithibitishwa kwamba chanjo inayotumika sana haipotezi nguvu hata ikikaa miezi sita kwenye nyuzijoto 25, au miezi mitatu kwenye nyuzijoto 30. Kisha kikatengenezwa chombo cha udongo kinachopoa kwa mvuke wa maji, kwa kanuni ile ile ya mtungi wa maji ya kunywa. Chombo hicho kinaweza kukaa kijijini kwa wiki nyingi, na mtu aliyefundishwa akaendelea kuchanja watoto wa mbwa wanaozaliwa bila kusubiri gari kutoka wilayani mara moja kwa mwaka.

Kutazama na watoto

Mzazi anayetaka kuanza na mtoto mdogo hatakosea na Lassie Come Home, au na Homeward Bound ya mwaka 1993, yenye mbwa wawili na paka wanaorudi nyumbani kupitia milima. Beethoven inafaa kwa watoto wa shule ya msingi, mradi mzazi awepo sebuleni linapofika suala la daktari. Teri Meherbaniyan ingoje hadi mtoto awe kijana. Hachi, ya mwaka 2009 na Richard Gere, itawaliza wote. Mbwa aliyeipa hadithi alikuwepo kweli: Hachiko alimsubiri bwana wake, Profesa Hidesaburo Ueno, kwenye kituo cha treni cha Shibuya mjini Tokyo tangu profesa alipofariki mwezi Mei 1925 hadi mbwa mwenyewe alipokufa Machi 1935.

Old Yeller itazamwe mtoto akishafika umri wa kuuliza maswali, na asiachwe nayo peke yake. Baada yake kuna mambo ya kumfundisha ambayo yanaweza kuokoa maisha. Mbwa aliyebadilika tabia asisogelewe, hata kama ni wa nyumbani. Akiuma, au hata akikwaruza, mtoto aseme mara moja na asigombezwe. Jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 nzima, kisha safari ya hospitali ianze siku hiyo hiyo, kwa kuwa chanjo ya binadamu hufanya kazi kabla ya dalili, si baada. Dunia imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur, huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Anayetaka kujua chanjo itafika lini mtaani kwake amuulize afisa mifugo wa kata.

Mtoto aliyeitazama Old Yeller hadi mwisho huenda akauliza kwa nini Travis hakumpeleka mbwa wake kuchanjwa. Jibu ni rahisi: chanjo ilikuwa haijagunduliwa. Huenda pia akauliza kama Simba au Popi wa pale uani amechanjwa. Hapo mzazi aonyeshe kadi.